Dereva, Umelala kwa Saa Ngapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa madereva wa mabasi na malori na familia zao, hapa Morogoro. Wengi wenu mlikuwa safarini siku ile na mmeiomba yote. Naiweka kama nilivyoisema.

Asalaam alaykum! Bwana Yesu asifiwe! Habari za asubuhi!

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu wa usukani, kaka zangu, vijana wetu makonda na matingo, na nyinyi mama zangu na dada zangu mliokuja na waume zenu: asanteni kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimekaa wodi ya majeruhi, na zamu zangu nyingi zimekuwa za usiku. Habari ya usingizi naizungumza nikiwa na uchungu nayo, kwa sababu nimewapokea wenzenu alfajiri, na nimewapokea abiria wao.

Nianze na swali. Basi linatoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa tatu usiku kwenda Mbeya. Ndani ya basi kuna mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo. Mfumo ule unajua ulipita Chalinze kwa kasi gani. Unajua ulisimama wapi na kwa dakika ngapi. Ukizidisha mwendo, inaonekana. Sasa niambieni: nani anajua dereva amelala kwa saa ngapi kabla hajapanda? Mwenye basi anajua? Trafiki anajua? Wewe mwenyewe unajua?

Mtaniambia unajua. Lakini hebu tuulizane vizuri. Ulipanda kitandani saa tatu asubuhi, ukaamka saa kumi jioni, unasema umelala kwa saa 7. Na ile simu uliyopokea saa nne je? Na mtoto alipolia? Na ile nusu saa uliyojigeuza huku na huku joto la bati limekushukia? Hizo ni saa za kukaa kitandani, na saa za kukaa kitandani hazilingani na saa za usingizi. Dereva anayehesabu kitanda anajidanganya bila kukusudia, na barabara haimwonei huruma kwa sababu hakukusudia.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi. Abiria wamefurahi, na wana haki ya kufurahi. Mfanyabiashara anafika asubuhi, anamaliza shughuli zake, jioni anageuza. Lakini uamuzi ule uliihamisha kazi yenu ukaiweka kwenye saa ngumu kuliko zote kwa mwili wa binadamu. Mwili una saa yake. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Inafuata mwanga na giza, na ratiba ya kampuni haiijui. Nguvu zake za kukuweka macho hushuka chini kabisa kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri, halafu hushuka tena kidogo mchana, kati ya saa nane na saa kumi.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Umetoka Dar saa tatu usiku. Saa nane usiku uko wapi? Uko maeneo ya Mikumi, ndani ya hifadhi, wanyama wanavuka barabara. Saa kumi usiku uko wapi?

(Ukumbi: Kitonga!)

Kitonga. Ule mlima wa kuelekea Iringa, zile kona, lile bonde, na saa hiyohiyo mwili wako unakuambia: lala.

Nyote mnaufahamu usingizi wa sekunde. Macho yako wazi, mikono iko kwenye usukani, lakini ubongo umeondoka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, basi linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde 3 ni mita 66. Mita 66, abiria wamelala, na dereva naye amelala. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliwapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo. Uwezo wao ulikuwa umeshuka kufikia wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ndugu zangu, trafiki anacho kifaa cha kupimia ulevi. Cha kupimia usingizi hana. Kilicho karibu kuliko vyote ni hicho mlicho nacho mifukoni.

Kwa hiyo leo nazungumzia simu na usingizi, na nina neno moja tu la kuwaambia, nitalizunguka kutoka pande zake. Neno lenyewe ni hili: iaminini simu inapotaja saa mliyolala na saa mliyoamka, msiiamini inapowahukumu usingizi wenu ulikuwa wa namna gani, na zile saa mkishazijua, zifanyieni kazi.

Inajuaje, simu? Ndani yake kuna kihisi cha mwendo, kilekile kinachofanya picha igeuke ukiilaza simu ubavu. Ukiiweka kando ya mto, kila ukijigeuza godoro linatikisika, nayo inaandika. Ina maikrofoni, inasikia kukoroma, kikohozi, mlango, jogoo. Na inakumbuka uliigusa mara ya mwisho saa ngapi usiku na mara ya kwanza saa ngapi asubuhi. Programu inachukua vitu hivyo inavipanga: hapa ametulia, hapa amejigeuza, hapa ameamka. Zipo nyingi. Sleep Cycle ilitoka Sweden mwaka 2009. Sleep as Android imetengenezwa Jamhuri ya Cheki. Zote mbili zina sehemu ya bure, na kwa kazi ninayowaeleza leo ya bure inatosha. Msilipe chochote.

Elimu yenyewe ni ya zamani kuliko simu. Tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakiwavalisha watu kifaa mkononi kinachoandika mwendo, wakajifunza kukisia usingizi kutokana na utulivu wa mwili. Kwa hiyo tunajua vizuri kinaweza nini na hakiwezi nini. Kinakamata vizuri muda uliolala. Kinachokipiga chenga ni mtu aliye macho lakini ametulia. Ukilala chali kimya, umekodolea dari ukiwaza ada ya shule, simu itaandika umelala. Simu ni kama kondakta: anajua abiria kapandia wapi na kashukia wapi, lakini njiani kichwani mwa abiria kulikuwa na nini, hawezi kukuambia.

Kuiweka kuna adabu zake. Iweke juu ya godoro, kando ya mto, ndani ya chandarua, kioo kikiangalia chini. Zima data, au iweke kwenye hali ya ndege, ili isikuamshe. Chaji kwanza, ulale baadaye. Simu inayochaji chini ya mto inapata joto, na sponji inashika moto haraka. Tazama mpangilio wa kuokoa betri: simu zetu nyingi za bei nafuu huzifunga zenyewe programu zinazofanya kazi kimyakimya. Unaamka, unakuta imeandika dakika 40 kisha ikanyamaza. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu hiyo iendelee. Na kama mnalala wawili na mtoto katikati, jueni kwamba simu inahesabu kujigeuza kwenu wote. Hapo acheni mambo ya mtikisiko, tegemeeni saa ya kulala, saa ya kuamka, na sauti.

Kando ya simu weka daftari la mtoto la shule. Mistari miwili kwa siku: nimetoka safari gani, nimekunywa kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu saa ngapi, nimeamka najisikiaje. Kahawa inakaa mwilini kuliko mnavyodhani. Baada ya takriban saa 5, nusu yake bado imo. Uliyokunywa saa kumi usiku pale Ruaha Mbuyuni ili uipande Kitonga, saa tatu asubuhi unapotafuta usingizi Mbeya, nusu bado inakupigia honi.

Sasa niwape kisa. Kuna dereva mmoja, mtu mzima, mtaratibu, anayeendesha usiku na kulala mchana. Alikuwa akilalamika kwamba kila siku anaamka amechoka, na nyumbani walishaanza kusema ni mambo ya watu. Mkewe ndiye aliyekuja kuniuliza. Nikamwambia: mwekee simu, wiki mbili, kisha uje. Akaja na simu. Tukafungua. Kila siku, siku zote, usingizi wa yule baba ulikuwa ukikatika saa saba mchana. Akilala mapema, saa saba. Akichelewa, saa saba. Tukasikiliza sauti ya saa saba. Ilikuwa mashine ya kusaga ya jirani! Saa saba watoto wanatoka shule, wanatumwa mahindi, mashine inawashwa. Yule baba alishaizoea hata hakumbuki kuisikia, lakini mwili wake ulikuwa ukiisikia. Walichofanya ni kuhamisha kitanda chumba cha nyuma na kutundika pazia zito. Wiki zilizofuata simu ilionyesha usingizi unavuka saa saba, unakwenda mpaka saa tisa na ushee.

Mama zangu, mnaona? Hakuna dawa iliyomezwa pale. Hakuna mganga. Ilikuwa ni kujua saa. Nanyi mlioko nyumbani ndio wenye uwezo mkubwa hapa, kwa sababu usingizi wa mchana unalindwa na walio macho. Redio ya jirani, wageni wa saa nne, "baba amelala lakini ngoja nikuamshie": hayo simu itayaandika yote.

Nisogee. Nimesema msiiamini simu katika kila jambo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo vijana wanapoumia.

Programu hizi zinapenda kukupa maksi. Unaamka, inakuambia: usingizi wako asilimia 58. Usingizi mzito dakika kadhaa, usingizi wa ndoto dakika kadhaa. Imezipata wapi? Ili ujue kwa hakika mtu yuko kwenye usingizi wa aina gani, unahitaji kusoma umeme wa ubongo wake. Aliyeurekodi wa kwanza ubongo wa mwanadamu kwa namna hiyo alikuwa daktari wa Kijerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena, na aliutangaza mwaka 1929. Miaka iliyofuata mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky, alimbandika nyaya mwanawe mwenyewe, Armond, mtoto wa miaka 8, akakaa usiku kutazama kalamu za mashine zikichora. Ghafla kalamu zikaanza kwenda mbio kana kwamba mtoto ameamka. Akaingia chumbani. Mtoto amelala fofofo, lakini macho yanakimbia chini ya kope. Mwaka 1953 yeye na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, waliutangazia ulimwengu kwamba katika hatua za usingizi iko hiyo ya macho kukimbia, yenye ndoto nyingi.

Tazameni kilichohitajika! Nyaya kichwani, nyaya kando ya macho, mashine ya kuchora. Mpaka leo vipimo vya kweli vya usingizi vinafanywa hospitalini hivyohivyo, na kuongeza misuli, pumzi, moyo na oksijeni ya damu. Simu iliyo kando ya mto haina waya hata mmoja kichwani mwako. Inapokuambia usingizi mzito ulikuwa dakika 47, inakisia.

Na ukisio ukiaminiwa unaumiza. Kijana mmoja, dereva wa lori la mizigo, alinijia macho mekundu. Kabla hajaanza kujipima alikuwa analala vizuri tu. Baada ya kuanza kupata maksi akaanza kuzitafuta. Akiona asilimia 60 anaingia kitandani saa moja jioni ili kesho apate 80. Anakaa macho mpaka saa nne, roho juu, anaogopa maksi za asubuhi, lepe la usingizi halipati. Mwaka 2017 Kelly Baron na wenzake huko Chicago waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo hasa: watu wanaokosa usingizi kwa sababu ya kuhangaikia namba za usingizi. Na mwaka 2014, katika Colorado College huko Marekani, Christina Draganich na Kristi Erdal walifanya jaribio ambalo kila mwenye programu hizi anapaswa kulijua. Waliwaambia watu kwamba kifaa kimepima usingizi wao wa usiku uliopita. Wengine wakaambiwa ulikuwa mzuri, wengine mbaya. Hakuna usingizi uliokuwa umepimwa. Kisha wakapewa mtihani wa akili. Walioambiwa walilala vibaya walifanya vibaya.

Fikirini dereva anaamka ameshiba usingizi, simu inamwambia "umelala vibaya", naye anapanda basi akiamini amechoka. Kwa hiyo yule kijana nilimwambia kitu kimoja: ficha maksi. Programu nyingi zinakuruhusu kufungua ukurasa wa saa tu. Angalia saa ya kulala na saa ya kuamka, mara moja kwa wiki, siku ya mapumziko. Asubuhi ukiamka, jiulize wewe kwanza unajisikiaje, ndipo uguse simu.

Kuna jambo lingine linalowatisha watu kwenye michoro ile: kuamka usiku. "Dada, simu inasema nimeamka mara nyingi, mimi ni mgonjwa?" Hapa jibu ninalolipenda kuliko yote linatoka hapahapa Tanzania.

Mnawajua Wahadzabe, ndugu zetu wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watafiti waliwaomba wavae vile vifaa vya mkononi vinavyoandika mwendo. Katika utafiti mmoja, uliotoka mwaka 2017, ukiongozwa na David Samson na akiwemo Mtanzania mwenzetu, Profesa Audax Mabulla, watu wazima 33 walifuatiliwa kwa siku 20. Je, kwa siku zote hizo, ni muda gani watu wote 33 walikuwa wamelala kwa wakati mmoja? Kisieni. Saa 50? Saa 10? Ni dakika 18! Usiku kucha, wakati wowote, yuko aliyeamka: mzee kaamka mapema, kijana bado hajalala, mama ananyonyesha. Na hakuna aliyepangiwa zamu ya ulinzi. Watafiti wanaona kwamba huenda ndivyo binadamu walivyolindana porini kwa vizazi na vizazi, wazee wakiamka alfajiri wakati vijana ndio kwanza wamezama.

Kwa hiyo wewe mzee wangu unayeamka saa tisa usiku, ukatoka, ukarudi ukalala tena: hujaharibika. Mwili wako unafanya kilichofanywa na mababu. Programu inapochora mstari mwekundu pale, usiupe moyo wako.

Lakini najua mtanikamata hapa, maana nyinyi ni watu wa hesabu. Kulikuwa na utafiti mwingine mwaka 2015, juu ya Wahadzabe, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jumla watu 94, na ulionyesha kwamba usingizi wao kwa usiku ni wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1. Utasema: basi hata mimi saa 6 zinanitosha! Subiri kwanza. Wale huamka karibu saa zilezile kila siku. Muda wao wa kulala, ukihesabu na kuamka-amka, ni karibu saa 7 mpaka 8 na nusu. Kuamka kwao kunaendana na alfajiri, na hakuna kati yao aliyebeba abiria 60 kupanda Kitonga saa kumi usiku. Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2015 waliweka kiwango cha mtu mzima: si chini ya saa 7 kwa siku. Mimi kwa dereva wa usiku nasema saa 7 za usingizi, za kitandani ziwe zaidi. Na kama mchana hukuzifikisha, ongeza kipande cha jioni kabla ya safari, hata saa moja na nusu. Simu ikikujumlishia vipande viwili vikatimia 7, vinahesabika.

Sasa kukoroma. Wengine mnacheka, lakini nitasema bila kuficha: sehemu hii ya hotuba inaweza kumwokoa mtu aliyekaa humu ndani.

Kuna baba mmoja, mnene kidogo, shingo nene, ana presha isiyoshuka kwa dawa. Analala saa nyingi kuliko wenzake wote na bado anasinzia kwenye taa nyekundu. Mkewe alizoea kusema "mume wangu anakoroma mpaka mabati yanaitikia," na watu wanacheka. Akaweka simu irekodi. Tulisikiliza pamoja. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kimya cha muda mrefu mpaka unajikuta nawe umebana pumzi. Kisha anavuta hewa kwa kishindo, na anaanza upya. Tena na tena, usiku mzima. Koo lilikuwa linajifunga. Kimya cha sekunde 10 au zaidi kinahesabika ni pumzi kukatika, na mtu aliyezidiwa anaweza kukatika pumzi zaidi ya mara 30 kwa saa moja. Kila mara ubongo unamwamsha kidogo ili asife, na asubuhi hakumbuki lolote. Programu ilikuwa imeandika kwamba amelala vizuri kwa saa 8.

Mnaona udhaifu wake na nguvu yake mahali pamoja? Maksi zilidanganya. Sauti ilisema kweli. Yule mama alipeleka ile sauti kwa daktari, na daktari aliyeisikia hakuhitaji maelezo marefu ya kumwelekeza kwenye vipimo. Ugonjwa huu una tiba. Mwaka 1981 Colin Sullivan, daktari wa Sydney nchini Australia, alitangaza mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisifunge, na mpaka leo ndiyo tiba kuu. Kupunguza uzito husaidia, kulala ubavu husaidia, kuacha pombe jioni husaidia.

Teknolojia inasogea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliifanya simu ya kawaida itoe mawimbi ya sauti yasiyosikika na kusoma kifua kinavyopanda na kushuka. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu saa za mkononi za Samsung na Apple zitoe tahadhari ya ugonjwa huu. Tahadhari, sikilizeni vizuri. Kupima ni kazi ya hospitali. Na simu ikikosa kusikia kitu, huku mkeo anasema pumzi zinakatika, msikilize mkeo.

Nimalizie na jambo ambalo wengine hawatapenda nilitaje. Kumbukumbu hizi ni za nani?

Umeandika wiki mbili. Simu inaonyesha kwamba siku ulizogeuza safari bila kupumzika umelala kwa saa 4. Hapo dereva peke yake hana la kufanya. Hata akipenda usingizi kiasi gani, ratiba imemnyima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 kila wiki. Mapumziko ya siku yanaweza kupunguzwa hadi saa 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya malipo. Mkienda kwa mwenye basi mkiwa kumi, kila mmoja na daftari lake, mkimwonyesha kwamba wanaogeuza safari wote wanaangukia saa 4, hapo mna hoja. Mwenye basi ana mali yake barabarani. Wengi wao wakionyeshwa namba wanasikia.

Lakini nendeni nyinyi na namba zenu. Msikubali mtu aseme "weka programu hii, nitakuwa nakuangalia unavyolala." Usingizi wako ni habari ya afya yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, zinazohitaji ridhaa yako. Simu inayorekodi chumbani inarekodi na mkeo, na mazungumzo yenu, na watoto. Zile sauti zikae ndani ya simu. Zima kupeleka mtandaoni. Futa zisizohitajika, bakiza ile ya kumpelekea daktari. Na mkimwonyesha mwajiri, mwonyesheni saa kwenye karatasi; sauti ya chumbani kwako haimhusu.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimeongea na katibu, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Meza ile ya mlangoni kuna vijana wawili watakaowasaidia kuweka programu na kurekebisha mipangilio ya betri, bure. Wasio na simu janja wachukue karatasi yenye mistari; saa ya kulala, saa ya kuamka, saa ya kahawa, inatosha kabisa. Mnaosafiri leo usiku msianze leo. Anzeni siku mtakayolala nyumbani. Baada ya wiki mbili nitakuja hapahapa, tufungue pamoja, na mwenye sauti ya kukoroma inayokatika asisubiri wiki mbili, anione leo kabla sijaondoka.

Sasa nipokee maswali. Mzee wangu pale nyuma mwenye kofia, umenyoosha mkono tangu nilipowataja Wahadzabe. Karibu, anza wewe.